Moshi wa Alhamisi

Tangu Nefisa Humednur aondoke, uchochoro wa nyuma ya msikiti, katika kisiwa cha Batse mjini Masawa, haujui leo ni siku gani.

Zamani ilikuwa rahisi. Saa kumi alasiri, jua likiwa limeanza kulegeza mkono, unatoka mlangoni na kuinua macho juu ya mapaa. Moshi mwembamba ukitoka katika nyumba ya kadhi, basi ni Jumatatu. Ukitoka kwa muuza lulu, ni Jumanne. Kwa mfua fedha, Jumatano. Na ukipenya katika roshani ya mbao ya kijani, ile iliyoinama juu ya njia kama bibi anayechungulia mgeni, ni Alhamisi, na kila mtu atafute kanzu yake safi ya kesho. Kabla ya moshi kilisikika kinu: mapigo matatu, pumziko, mapigo matatu, pumziko. Waliokuwa wamelala kwa ajili ya joto waliamka, wakapapasa sakafuni kutafuta viatu, wakaufuata mlio.

Siku hizi moshi bado unapanda, lakini unapanda ovyo. Aliyeachiwa funguo ni Jaber, muoka samaki, mtu mnene wa asili ya Yemeni ambaye mikono yake imeungua mara nyingi hata haina vinyweleo. Jaber anatwanga kahawa kama mtu anayeua panya. Mapigo yapo. Lile pumziko la katikati halipo, na watu wanasikia kutokuwepo kwake zaidi kuliko wanavyovisikia vishindo.

"Jaber! Leo umefukiza nyumba ya nani?"

"Ya kadhi."

"Ya kadhi ni Jumatatu, na leo ni Jumatano!"

"Kwani boriti ina kalenda? Moshi ni moshi. Njooni mnywe au mrudi mkalale."

Wanakwenda kunywa, wakilalamika. Kahawa yake ina tangawizi nyingi mno. Wanaimaliza.

*

Nefisa alikuwa binti wa mtu wa mashamba ya chumvi. Mama yake alipougua mara baada ya kumzaa, mtoto alipelekwa mtaa wa pili, kwenye ile nyumba ya roshani ya kijani, na mwenye nyumba akamnyonyesha pamoja na binti yake mwenyewe, Kedija. Hivyo wasichana wawili wakawa dada kwa maziwa, na kwa watu wa kisiwa hicho udada wa namna hiyo haufutiki. Walicheza chini ya roshani ile, wakagombana juu ya ngazi ileile, na siku Nefisa alipoolewa ni Kedija aliyempaka hina, akambana mkono kwa makusudi kila alipocheka.

Mumewe, Ali-Nur, alikuwa mchochea moto katika treni ya mvuke iliyopanda milima kwenda Asmara. Alirudi nyumbani mweusi kuanzia kisogoni hadi kisiginoni, meno tu yakionekana.

"Mimi niliolewa na moshi," Nefisa alipenda kusema. "Mume alikuja baadaye, akishaoga."

Treni zilisimama, kisha Ali-Nur naye akafa, kwa kifua. Hawakujaaliwa mtoto. Lakini kabla ya hayo yote ulikuja mwaka wa mabomu ya kwanza, na Kedija, aliyekuwa na watoto watatu wadogo na mimba, akapanda lori kwenda Kasala, ng'ambo ya mpaka. Lori lilikuwa limeshawashwa. Kedija akamtia dada yake mkononi ufunguo wa chuma, mrefu kama kiganja, bado una joto la kifua chake.

"Unajua maneno ya mama," akasema.

Nefisa aliyajua. Mama yao alikuwa akisema kila siku akiweka jiko la mkaa sakafuni: nyumba ya mbao na mawe ya matumbawe isipotiwa moshi, mchwa na fukusi huila kutoka ndani, kimyakimya, na siku utakapousikia mlio wake utakuwa chini yake.

"Nitaifukiza," Nefisa akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka uje uniambie niache."

Lori likaondoka. Nefisa alikuwa na miaka ishirini na minne.

Wengine walipoona nyumba ya Kedija haijaoza, nao, zamu yao ya kuondoka ilipofika, wakamletea funguo zao. Watu wa nyumba ya kadhi. Warithi wa muuza lulu, waliokuwa wakigombana hata siku ya kukimbia, wakamkabidhi kufuli mbili kwa mlango mmoja. Mabinti watatu wa mfua fedha, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na nyumba yake. Zikafika nyumba sita, na ya saba ikiwa ya kwake mwenyewe. Siku za juma ni saba. Nefisa akaona Mungu ameshampangia kazi, akaipa kila nyumba siku yake. Isipokuwa siku arobaini za mwaka wa tisini, ambapo ndege ziliurarua mji na watu wote walikaa Emkulu, upande wa bara, hakukosa hata alasiri moja. Aliporudi kutoka Emkulu alipita juu ya vifusi akiwa na jebena, birika la udongo la kahawa, kichwani, akafungua nyumba ya Kedija, akakuta ufa katika ukuta wa kusini, mpana kiasi cha kupitisha kidole. Akaweka jiko. Akakaa. Akakaanga.

Kahawa hainywewi peke yako. Hicho ndicho kilichougeuza wajibu wake kuwa karamu. Mwanzoni walikuja majirani wawili, kisha kumi, kisha mtaa mzima ukawa unahama kila alasiri kwenda kuketi katika nyumba ya watu wasiokuwepo. Waliketi juu ya mikeka ya kadhi wakawasengenya wajukuu wa kadhi. Waliketi kwa muuza lulu wakapima nani kati ya warithi wake angekuwa na haya ya kurudi kwanza. Posa zilizungumzwa mle, talaka zikazuiwa, na mara moja mwanamke alishikwa na uchungu katika sebule ya mfua fedha kati ya kikombe cha pili na cha tatu. Mtoto alipewa jina la Fadda, fedha. Sasa Fadda mwenyewe ana watoto.

Mara moja au mbili kwa mwaka meli ilileta wageni. Walitembezwa haraka: kasri ambalo kuba lake limepasuka kama yai, benki ya Waitalia yenye matao na matundu ya risasi, msikiti wa kale, soko lililoezekwa. Wakapiga picha wakifuta jasho. Kisha wengine wakasikia kinu, wakafuata. Walikuwepo mume na mke, wazee wa kizungu wenye kofia za majani, waliokunywa kikombe cha kwanza katika nyumba ya Kedija, wakashukuru kwa kuinamisha vichwa, wakasimama kwenda zao. Chumba kizima kikaguta. Kahawa ile ile huchemshwa mara tatu. Cha kwanza ni cha ulimi, cha pili cha maneno, cha tatu ni cha baraka, na anayetoka kabla ya cha tatu anaiacha baraka mlangoni ikanyagwe na paka. Nefisa hakuwa na lugha ya kuwaeleza. Alinyoosha mguu wake mwembamba ukakinga mlango.

"Kaeni," akasema kwa Kitigre.

Wakakaa. Meli ilipiga honi mara mbili, watu wakacheka, yule mzee akacheka pia bila kujua kwa nini. Aliondoka na harufu ya ubani katika kofia yake.

*

Kila Ijumaa baada ya sala simu ililia kutoka Jidda, ambako Kedija alikuwa ametua baada ya Kasala, na kuzeeka huko.

"Nyumba inapumua?"

"Inapumua, dada."

"Roshani?"

"Inachungulia watu kama kawaida yake."

Hakuwahi kumwambia habari za ufa. Mwaka ulipita, ukapita mwingine, na kila Ijumaa neno hilo lilikuwa zito zaidi kulitoa. Lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: hakufa nalo, lakini kila alipomeza alilikumbuka.

Miaka mitatu iliyopita ikaja habari kwamba wakaguzi wa majengo ya kale wanashuka kutoka milimani. Wangepita nyumba kwa nyumba. Nyumba itakayofaa kutengenezwa ingechorwa duara la bluu mlangoni. Iliyokufa, iliyo tupu, inayoweza kumwangukia mpita njia, ingechorwa msalaba mwekundu, na baada ya msimu wa joto ingebomolewa. Tayari upande wa gati milango minne ilikuwa na wekundu.

Nefisa alikwenda akasimama mbele ya roshani ya kijani. Ufa sasa uliweza kupitisha mkono. Nyumba haikuwa na mkazi. Mwenye nyumba alikuwa ng'ambo ya bahari, na yeye mwenyewe hakuwa na karatasi yoyote isipokuwa ufunguo.

"Jaber," akasema, "wakiangusha nyumba hii nitamwambia nini Kedija?"

"Utamwambia imeanguka."

"Huna moyo wewe."

"Nina moyo. Umeungua tu, kama mikono." Kisha, alipoona hacheki, akafuta vidole kwenye shuka lake. "Haya, Bi Nefisa. Unataka tufanye nini?"

Alitaka kufanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa Batse angelifanya akisikia mgeni mkubwa anakuja. Alitaka kusafisha.

Alikusanya mtaa. Walitoa kila kitu kilichokuwa na dalili ya kutumika: mikeka iliyochakaa, jiko, trei, vikombe vilivyopasuka midomo, mito yenye alama za vichwa. Walisugua sakafu kwa mchanga. Lakini dari ndiyo iliyomtia aibu. Miaka arobaini na kitu ya mkaa na ubani ilikuwa imezigeuza boriti kuwa nyeusi tii, za kung'aa, kama mgongo wa chungu, na kuta zimejichora mawingu ya kahawia kuanzia usawa wa kichwa.

"Mtu wa Asmara aje akute haya?" akasema Nefisa. "Atafikiri tunafuga mashetani."

Akanunua rangi. Si chokaa, chokaa aliiona ya kimaskini. Alinunua rangi ya mafuta, nyeupe, ya kung'aa, ile wanayopaka vyumba vya meli, makopo sita. Jaber alipanda ngazi akipaka, tumbo likitangulia, na Nefisa akasimama chini akimwonyesha alikoruka.

"Pale."

"Nimepaka."

"Umelamba tu. Paka!"

"Mke wangu angenisema hivi ningekuwa nimehamia tanurini."

"Mkeo anatamani uhamie."

Siku tatu walipaka, wakiimba. Walipomaliza, chumba cha juu kilimeremeta kama bakuli la kunyolea. Kilikuwa kitupu, cheupe, kinanuka mafuta. Watu walivua viatu kuingia. Nefisa alikaa kizingitini akakitazama, akajiona ameitendea haki nyumba ya mama yake.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke. Inginia Luul, wa miaka arobaini hivi, mtu wa nyanda za juu, nywele zimesukwa zikavutwa nyuma, nyundo ndogo kiunoni na bisibisi mfukoni. Alikuja siku ya Alhamisi, saa nane, saa ambayo hata kunguru wa Batse hawaruki. Alikuwa ameshaona nyumba kumi na moja tangu asubuhi, na alikuwa na nyingine nane katika karatasi yake kabla gari halijapanda milima. Jasho lilikuwa limemchora mto mgongoni.

Alipanda ngazi mbilimbili. Akasimama mlangoni mwa chumba cha juu. Mtaa mzima ulikuwa umejipanga nyuma yake kwenye ngazi, umevaa vizuri, unangoja asifu.

"Nani amefanya hivi?" akauliza.

Nefisa akajitokeza, akitabasamu. "Mimi, mwanangu."

"Rangi ya mafuta?"

"Ya meli. Bora kabisa."

Inginia Luul akafumba macho kidogo. "Mama, mawe haya yametoka baharini. Yanavuta maji na kuyatoa, kama ngozi. Ukiyapaka mafuta umeyafunika pua. Chumvi itabaki ndani, ukuta utameguka kama mkate." Akatembea hadi ukuta wa kusini, akaingiza mkono wote katika ufa, akautoa. "Na huu nao. Nani anaishi hapa?"

Watu wa ngazini wakamtazama Nefisa.

"Mwenyewe yuko Jidda," Nefisa akasema.

"Tangu lini?"

Nefisa alimtajia mwaka. Inginia akageuza kichwa, akatazama sakafu isiyo na mkeka, ukuta usio na msumari, kona isiyo na majivu. Walikuwa wameisafisha nyumba mpaka hakuna hata unywele wa binadamu uliobaki.

"Nyumba hii ina miaka arobaini bila mtu," akasema, bila ukali, kama daktari. "Ya jirani hapo nimeigonga boriti asubuhi, nyundo ikazama kama kwenye keki. Siwezi kumwacha mtoto apite chini ya roshani hiyo." Akaingiza mkono katika mkoba wake akatoa kopo la rangi. Kifuniko chake kilikuwa chekundu.

Nefisa akatamka neno moja tu, lile analolisema kila siku ya Mungu kwa kila aingiaye.

"Hujanywa kahawa."

"Sina nafasi, mama yangu. Mungu akuzidishie."

"Jaber! Jiko!"

Na Jaber, aliyekuwa mtu mzito wa kushuka ngazi, siku ile alishuka kama aliyesukumwa. Alirudi na mkaa wa tanuri ukiwa umeshawaka, na Fadda nyuma yake na kikaango, jebena na vikombe vilivyopasuka midomo. Kabla inginia hajafungua lile kopo, buni zilikuwa zinapasuka motoni. Nefisa akainuka na kikaango, akakipitisha mbele ya uso wa inginia, akaupunga moshi kwa kiganja kuelekea puani mwake.

Hapo inginia alishikwa. Maana huko kwao milimani desturi ni ileile. Ukishavutishwa moshi wa buni umeshaketi, hata kama bado umesimama; anayeondoka hapo mama yake mzazi atasikia habari hizo hata akiwa kaburini. Luul alitazama saa yake. Akatazama karatasi yake. Akavuta pumzi ndefu, akaketi sakafuni, miguu kando.

"Kimoja," akasema.

Chumba kizima kikacheka.

"Kimoja!" Jaber akasema akilipepea jiko. "Sikieni mtu wa milimani anavyotania."

Nefisa alitwanga. Mapigo matatu, pumziko. Cha kwanza walikunywa kimya, kwa sukari nyingi. Fadda akaleta bisi katika trei. Upepo wa baharini uliingia katika kimia cha roshani, ukaushika moshi, ukauzungusha chini ya dari mara moja na kuupeleka nje. Inginia Luul aliufuata kwa macho.

Katika cha pili akauliza, "Kwa nini umeketi hapo kwenye kona, na nafasi yote hii?"

"Ndipo pangu."

"Pako vipi?"

Nefisa akasogea kidogo. Sakafuni, chini ya usafi wote ule, palikuwa na shimo la duara, la kina kifupi, lililolika kwa kitako cha jiko. Na ukutani nyuma yake, hata rangi ya mafuta haikuweza kuficha, ukuta ulikuwa umebonyea upana wa mgongo mmoja.

"Unakuja hapa kila mwaka?"

"Kila Alhamisi."

"Kufanya nini?"

"Hiki tunachokifanya," Nefisa akasema, akainamisha uso, maana sasa aliona atalazimika kukiri uchafu wake. "Nisamehe, mwanangu. Dari ilikuwa nyeusi. Ni mimi niliyeifanya nyeusi. Dada yangu aliniachia nyumba niifukize, mama yetu alisema hivyo, nami nimeifukiza mpaka ikawa kama tumbo la chungu. Nikaona aibu uikute vile. Ndiyo nikaipaka."

Inginia aliweka kikombe chini taratibu.

"Nyeusi kiasi gani?"

"Kama mume wangu akishuka kwenye treni," akasema Nefisa, na wazee waliomjua Ali-Nur wakapiga makofi kwa kicheko.

Luul hakucheka. Alisimama, akaomba ngazi, akapanda. Kwa bisibisi yake akaikwangua rangi katika boriti ya katikati. Vipande vyeupe vilianguka kwenye nywele za Jaber. Chini yake ikatokea ile ngozi nyeusi, ngumu, inayong'aa. Akaichoma kwa ncha. Haikuingia. Akachomoa nyundo kiunoni, akatega sikio, kisha akaigonga boriti, na nyumba nzima ikasikia: mlio mkavu, safi, kama wa kengele ya mbao. Akagonga ya pili. Akagonga zote tisa. Zote zikamjibu.

"Mungu wangu," akasema akiwa juu ngazini. "Hakuna mdudu aliyegusa hapa."

"Mama alisema," Nefisa akasema.

"Nimegonga nyumba kumi na moja leo. Kumi na moja! Zote zimeliwa." Akashuka, vumbi usoni, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya msichana. "Ufa si kitu. Ufa unashonwa kwa chokaa na mawe. Kama boriti zinashika, nyumba inashika. Niliziogopa boriti, mama, ndizo nilizoziogopa."

"Kwa hiyo?" akauliza Jaber, ambaye hakuwahi kuweza kungoja.

"Kwa hiyo niwekeeni cha tatu."

Kigelegele alichokipiga Fadda kiliwaamsha hata waliokuwa wamelala upande wa soko. Nefisa alimimina cha tatu bila kumwaga tone. Macho ndiyo yaliyomwagika. Inginia alikunywa mpaka mashapo. Kisha akatoa kopo la pili, la bluu, akampa Nefisa brashi.

"Chora wewe. Lakini sharti moja. Rangi hii ya meli iondoke yote, hadi chembe ya mwisho."

"Nani ataiondoa?" akauliza Jaber, akiitazama dari aliyoipaka kwa siku tatu.

Watu wote wakamtazama yeye.

"Aliyelamba," Nefisa akasema.

Kwenye ngazi, wakishuka, inginia akamgeukia Nefisa. "Umesema Alhamisi. Siku nyingine unafanya nini?"

Nefisa akaitoa pete ya funguo kiunoni, akaitikisa.

Gari halikupanda milima siku ile, wala ya pili yake. Inginia Luul alizipita nyumba zote saba, na katika kila moja aligonga boriti, na katika kila moja, kwa kuwa Nefisa alikuwa nyuma yake na jiko, alikunywa vitatu. Alipofika ya sita alisema moyo wake unapiga kama injini. Nyumba ya saba akanywa hata hivyo. Milango saba ilipata bluu. Uchochoro wote ulikwangua rangi mwezi mzima, kwa visu, kwa makombe ya chaza, kwa vijiko, na jioni moja Jaber alitoka mle ndani mweupe kichwa hadi miguu, Nefisa akamtazama akasema kwamba laiti Ali-Nur angelikuwepo, wawili hao wangetosha mchezo mzima wa dama.

*

Ijumaa ya kwanza ya kukwangua ikafika, simu ikalia.

"Nyumba inapumua?"

Nefisa akamweleza yote: ufa, miaka aliyouficha, rangi, msalaba mwekundu uliokaribia, boriti tisa. Alieleza akiwa amefumba macho. Kutoka upande wa pili akasikia kitu kama kikohozi, kisha akatambua ni kicheko, kile kile cha chini ya roshani, kimeota ukungu lakini ni kile kile.

"Rangi ya meli, Nefisa?"

"Ya meli."

"Kwenye dari ya mama?"

"Usiniongezee."

"Na nani kakwambia kwamba ufa siujui? Watu wa Batse wote wako Jidda hapa. Nimeujua tangu mwaka wa tisini na moja. Nilikuwa nangoja uniambie."

Nefisa alikaa chini palepale uchochoroni, juu ya ndoo ya Jaber.

"Miguu yangu haipandi tena meli," Kedija akasema. "Njoo wewe. Njoo na ufunguo niushike."

Nefisa hakuwa amewahi kuvuka maji yoyote isipokuwa yale ya chini ya daraja la Taulud, kisiwa jirani. Ilimchukua miaka miwili ya karatasi. Ukuta wa kusini uliposhonwa na fundi wa mwisho akakusanya vyombo vyake, alimkabidhi Jaber pete ya funguo pamoja na nakala ya ule wa Kedija, akamkaririsha siku zake, akamkaririsha tena, akaona anapoteza muda. Ufunguo wenyewe wa Kedija, mrefu kama kiganja, aliuvaa shingoni.

Wanaopiga simu wanasema huko Jidda alijaribu kukaanga buni siku ya kwanza, kengele ya moshi ikalia jengo zima, wapangaji wa ghorofa tano wakashuka barabarani kwa nguo za ndani, na Kedija, kwenye kiti chake cha magurudumu, alicheka mpaka wakampa maji. Sasa wanakaangia kwenye kibaraza, dirisha likiwa limefungwa.

Nefisa Humednur yuko ghorofa ya tatu, anashiriki chumba kimoja na dada yake, na kibali chake cha kukaa kinakwisha mwezi wa Shaabani; uchochoro unaungoja mwezi huo, ujue tena leo ni siku gani.